Nimerudi kuhariri video baada ya miaka mingi, na vidole havielewani na programu

Kaka mshauri, pole na majukumu.

Nilikuwa nahariri video za harusi na sendofu mpaka mwishoni mwa 2013, nikaacha baada ya kupata kazi nyingine. Enzi hizo ilikuwa kanda za miniDV, Adobe Premiere Pro CS5.5 ndani ya Windows 7, na mwisho wa yote unachoma DVD. Sasa mtoto wa dada yangu ameolewa, kamati imenikabidhi picha zote, na nimeahidi kumaliza ndani ya wiki tatu.

Nimepakua DaVinci Resolve ya bure, maana sitaki kulipia kila mwezi kwa sababu ya kazi moja. Laptopu ina RAM ya GB 16, kadi ya picha GTX 1650 ya GB 4, na SSD yenye nafasi ya GB 300. Nina pia eksteno ya TB 2. Nilichopewa ni hiki: kamera ya kwanza, saa mbili za 4K; kamera ya pili ya Sony, saa moja na dakika 20; simu ya shemeji mmoja, dakika 40 za ukumbini bila kukata; na sauti ya MC na hotuba kutoka kwenye kinasa sauti kidogo.

Shida zangu ni hizi. Chini ya programu kuna kurasa saba na sijui nianzie wapi. Nikibonyeza Delete kuondoa kipande, kila kilicho mbele kinarudi nyuma na muziki unaachana na picha. Kamera ya kwanza inakwamakwama kila nikiicheza. Kamera ya pili inatoa sauti bila picha, ingawa VLC inaionyesha, tena imepauka kama nguo iliyolowekwa kwenye jiki. Simu inaanza sawa na kinasa sauti, lakini kadiri unavyokwenda midomo na maneno vinaachana. Halafu klipu niliyoiburuta kwanza ilikuwa ya simu. Programu ikaniuliza kitu, nikakubali, na sasa mradi ni wa fremu 30 na haukubali kubadilika.

La mwisho: nina diski yenye miradi yangu ya CS5.5, ukiwemo wa jubilei ya ndoa ya wazazi wangu. Je, inaweza kufunguka?

Mhariri wa zamani, Morogoro

*

Dada wa Morogoro, hongereni kwa harusi.

Katika yote uliyoandika, ni kurasa saba na kitufe cha Delete tu vinavyohusu programu usiyoizoea. Mengine yametoka kwenye mafaili yenyewe, na yangekupata hata ndani ya Premiere ya leo kwa namna moja au nyingine. Kanda ya miniDV ya PAL (mfumo wa televisheni wa huku kwetu) ilikuwa na sura moja: 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, megabiti 25 kwa sekunde, GB 13 hivi kwa saa. Kamera yoyote uliyoazima ilikupa kitu kilekile, unakimwaga kwenye taimlaini bila kuuliza. Safari hii una vifaa vinne na kila kimoja kimeandika kwa namna yake. Kwa hiyo siku mbili za kwanza usikate kitu. Andaa malighafi.

Anza kwa kunakili kila kitu kwenye eksteno, na kadi za kamera zisifutwe mpaka kazi ikabidhiwe. Kisha pakua MediaInfo, programu ndogo ya bure. Fungua klipu moja ya kila kifaa, chagua mwonekano wa "Text", usome mistari mitatu: "Frame rate mode", "Chroma subsampling" na "Bit depth". Mistari hiyo inajibu karibu barua yako yote. Kwa maelezo yako, nategemea utaona hivi: kamera ya kwanza ni 4:2:0 (kiasi cha rangi kilichohifadhiwa) na biti 8; kamera ya pili ni 4:2:2 na biti 10; simu, mbele ya "Frame rate mode", imeandikwa "Variable".

Mradi ulioufungua, uache kama ulivyo. Ukiburuta klipu ya kwanza yenye kasi ya fremu tofauti na ya mradi, Resolve huuliza kama ibadilishe mradi uifuate klipu. Ukikubali na mafaili yakashaingia, kasi ya mradi inajifunga. Kwa kuwa hujakata chochote cha maana, fungua mradi mpya, na kabla ya kuingiza hata faili moja bonyeza Shift na 9. Kwenye "Master Settings" weka 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa taimlaini na 25 kwa uchezaji, kisha hifadhi. Nachagua 1080 kwa makusudi. Wageni wataitazama kwenye televisheni ya sebuleni na kwenye simu, mashine yako itapumua, na kamera yako ya 4K inakupa nafasi ya kuvuta picha karibu hadi mara mbili bila kupoteza ukali. Mama mzazi anayefuta machozi safu ya tatu, mpiga picha akiwa amesimama mlangoni, unaweza kumleta mbele.

Sasa simu, kwa sababu ndiyo inayosumbua watu wengi wanaorudi. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, fremu zinapungua kidogo, kisha zinarudi. Programu ya kuhariri inataka hatua zilizo sawa. Chukua mfano wa faili lenye wastani wa fremu 29.97 linalosomwa kana kwamba ni 30 kamili: tofauti ni moja kwa elfu, lakini baada ya dakika 40 picha na sauti zimeachana kwa sekunde 2.4. Ndiyo maana mwanzo ulikuwa sawa. Usijaribu kuirekebisha kwa kuvuta sauti huku na huku, kwa sababu pengo lenyewe halikui kwa mwendo mmoja. Ukipatanisha dakika ya 10 unaharibu ya 25.

Dawa ni HandBrake, ya bure pia. Weka faili la simu, nenda "Video", chagua H.264 (namna ya kubana video), kasi ya fremu 25, na badala ya "Peak Framerate" weka alama kwenye "Constant Framerate". Ubora uweke RF 18. Namba ikishuka ubora unapanda na faili linakuwa kubwa. Acha sauti ipite ilivyo. Faili likishatoka, lipime kwa jicho kabla ya kuliamini: tafuta mtu anayepiga makofi dakika ya kwanza na mwingine dakika ya 38, uangalie kama viganja vinakutana pale mlio unapotokea. Vikikutana kote kuwili, umemaliza. Fahamu kwamba kushuka kutoka 30 kwenda 25 kunatupa fremu moja katika kila sita, hivyo kamera ikizunguka haraka utaona mwendo wa kurukaruka. Picha za simu zitumie kwa vipande vifupi, sekunde tatu hadi tano.

Kamera ya pili ina matatizo mawili yaliyopandana. La kwanza, Resolve ya bure kwenye Windows haisomi picha ya H.264 wala H.265 ya biti 10 yenye 4:2:2, hivyo inakupa sauti peke yake. Faili ni zima, ndiyo maana VLC inalicheza. Toleo la kulipia, Studio, ni dola 295 unazolipa mara moja, lakini kwa kazi moja huna haja nalo. Pakua Shutter Encoder, programu ya kugeuza mafaili, chagua DNxHR, muundo wa video wa kuhariria, aina ya HQX, ambayo inabeba biti 10, na ukubwa uushushe hadi 1920 kwa 1080. Usisahau kuushusha. Kwa 1080 na fremu 25, HQX inakula takribani GB 80 kwa saa, kwa hiyo saa yako moja na dakika 20 itachukua kama GB 110. Ukiiacha kwenye 4K inazidi mara nne, na SSD yako inajaa kabla ya kazi kuisha. Usikimbilie HQ badala ya HQX: HQ ni ya biti 8, na kamera hii utazihitaji biti zote 10 kwenye rangi.

Hapo ndipo lilipo tatizo la pili. Mpauko unaouona ni karibu hakika S-Log3, namna ya Sony ya kuandika mwanga ili angavu na giza vyote vitoshe kwenye faili. Haikusudiwi kutazamwa ilivyo. Usiongeze kontrasti kwa mkono hadi ipendeze, utahangaika klipu kwa klipu. Nenda ukurasa wa Color, bonyeza Alt na S upate nodi (hatua moja ya marekebisho ya rangi) ya pili, uipachikie "Color Space Transform". Upande wa kuingia weka S-Gamut3.Cine na S-Log3, upande wa kutoka Rec.709 (rangi za televisheni ya kawaida) na gama 2.4. Nodi ya kwanza, iliyo kabla ya huo ugeuzaji, ndiyo ya kurekebisha mwanga na weupe. Watu wengi wanarekebisha mwanga baada ya ugeuzaji, na hapo mawingu na shela vikishakuwa vyeupe tupu ni vigumu kuvirudisha.

Nikae kidogo hapo kwenye shela. Kwenye harusi zetu una gauni jeupe na ngozi nyeusi ndani ya fremu moja, mara nyingi chini ya taa za rangi za ukumbi. Fungua vipimo, chagua "Waveform", ambayo kipimo chake ni 0 hadi 1023. Pandisha mwanga huku ukiangalia gauni. Likifika kati ya 850 na 900, simama. Karibia skrini, angalia kifua cha gauni: nyuzi za lesi zionekane moja moja. Zikiyeyuka kuwa bandeji, umepita. Sura ya bi harusi ikiwa bado imelala kizani, usipandishe fremu nzima kwa ajili yake. Ongeza nodi nyingine, weka duara laini usoni, upandishe hapo tu. Wala usiisukume ngozi iwe nyepesi kuliko alivyo mwenyewe, familia yake itaona sekunde ileile. Ukishapata klipu moja nzuri ya kanisani, chagua nyingine za mahali na mwanga uleule, kisha bofya ile nzuri kwa kitufe cha kati cha kipanya. Marekebisho yanahamia huko.

Kamera ya kwanza inakwama kwa sababu H.264 haihifadhi kila fremu nzima. Inaandika fremu moja kamili, kisha mabadiliko tu ya zinazofuata, na kila unaporuka katikati mashine inalazimika kuzikokotoa upya. Laptopu yako si mbovu. Tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria: Shift na 9 tena, "Master Settings", sehemu ya "Optimized Media and Render Cache", weka proksi kuwa "Half" na aina DNxHR LB. Elekeza folda ya proksi kwenye SSD. Rudi kwenye ukurasa wa Media, chagua klipu zote za kamera ya kwanza, bofya kulia, "Generate Proxy Media", ulale. Zitachukua GB 16 kwa saa, yaani GB 32 kwa zote mbili. Asubuhi, kwenye menyu ya Playback, "Proxy Handling", chagua "Prefer Proxies". Wakati wa kutoa faili la mwisho Resolve inarudi yenyewe kwenye 4K halisi, ilimradi hujaweka alama kwenye "Use proxy media", na eksteno yenye mafaili ya asili iwe imechomekwa.

Kuhusu kurasa saba: programu hii ilizaliwa kama mtambo wa kusahihisha rangi za filamu. Blackmagic Design iliinunua kampuni ya da Vinci mwaka 2009, na vyumba vingine vikaongezwa kimoja kimoja: Fairlight ya sauti ikaingia na toleo la 14 mwaka 2017, Fusion ya madoido na la 15 mwaka 2018, Cut na la 16 mwaka 2019. Wewe unahitaji Media, Edit, Color na Deliver. Nyingine zifiche kwenye menyu ya Workspace, "Show Page", zisikupotezee macho.

Sasa vidole. Kwenye Premiere uliyoizoea, Delete inaondoa klipu na kuacha pengo. Kwenye Resolve, anayeacha pengo ni Backspace; Delete inaondoa na kuvuta kila kinachofuata kuziba nafasi. Basi ni hilo tu lililokusumbua. Una njia mbili. Menyu ya kwanza kabisa juu kushoto ina "Keyboard Customization", na ndani yake kuna mpangilio wa Adobe Premiere Pro. Ukiuchagua, V inakuwa mshale na C inakuwa wembe kama zamani. Kwa wiki tatu ulizo nazo nakushauri ufanye hivyo. Ukiamua kuendelea na kazi hii, baada ya harusi rudi kwenye mpangilio wa asili, kwa kuwa mafunzo mengi yanazungumza vitufe vyake: A mshale, B wembe, F9 kuchomeka, F10 kufunika. J, K, L, I na O ni zilezile kote, hizo mikono yako inazo bado. Vyovyote utakavyochagua, jaribu kwanza na klipu tatu zisizo na maana.

Njia ya muziki ifunge kufuli pale kushoto, isisogee unapokata picha. Ila kumbuka kuifungua unapoondoa hotuba nzima, la sivyo wimbo wa kukata keki utaangukia kwenye maombi.

Kinasa sauti hakina ugumu mkubwa. Kwenye Media chagua klipu za kamera pamoja na faili la sauti, bofya kulia, "Auto Sync Audio", njia ya "Waveform". Inapatanisha kwa kusikiliza, kwa hiyo kamera lazima iwe na sauti yake hata kama ni mbaya. Saa ya ndani ya kinasa na ya kamera hazilingani kabisa, hivyo kwenye rekodi ya saa nzima unaweza kuona fremu moja au mbili za kuachana. Kata sauti mwanzoni mwa kila hotuba, uisogeze kidogo. Vilele vya maneno viache kati ya desibeli −12 na −6, na vigelegele usivikandamize hadi vikose uhai. Punguza muziki badala yake.

Kuna jambo hukuuliza lakini litakuumiza: mradi wa Resolve si faili lililo ndani ya folda yako kama ile .prproj (faili la mradi la Premiere) ya zamani. Unakaa kwenye hifadhi ya ndani ya programu. Ukinakili folda ya video kwenda kompyuta nyingine, mradi haumo. Kila jioni nenda "Project Manager", kile kinyumba chini kulia, bofya kulia kwenye mradi, "Export Project", uweke faili la .drp kwenye flashi. Ni dogo. Kwenye Preferences, "User", "Project Save and Load", hakikisha nakala za akiba zimewashwa, kila dakika 10. Na kama eksteno yako inatumia umeme wa ukutani, usihariri moja kwa moja kutoka humo: umeme ukikatika laptopu inabaki na betri, lakini diski inazimika katikati ya kuandika.

Faili la mwisho: Deliver, MP4, H.264, "Restrict to" 8000 (kilobiti kwa sekunde). Kwa dakika 90 hiyo ni GB 5.4, na hapo ndipo wengi hukwama kwenye kukabidhi, kwa sababu flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. exFAT inalipokea, ila televisheni na deki nyingi za zamani haziisomi. Ningegawa kazi mbili, kanisani na ukumbini, kila moja faili lake. Ukilazimika kutoa moja, shusha hadi 5000 upate kama GB 3.6 pamoja na sauti. Chomeka flashi kwenye televisheni ya nyumbani uangalie dakika tano za mwanzo, za kati na za mwisho kabla ya kuipeleka kwa wazazi. Toleo la bure halitaweka nembo juu ya picha, isipokuwa umetumia zana ya Studio, kama kuondoa chengachenga. Ikitokea, tafuta klipu yenye zana hiyo uitoe.

Miradi ya jubilei usiiguse mpaka harusi iishe. Resolve haifungui .prproj. Premiere ya sasa ina majaribio ya siku 7 bila malipo, nayo inafungua miradi ya zamani kwa kuigeuza kuwa mipya, bila kurudi nyuma, kwa hiyo fanyia kazi nakala. Kwanza nakili diski nzima. Kisha kwenye "Disk Management" ya Windows ipe nakala herufi ileile iliyotumika zamani, mfano E, ili programu ikute mafaili pale ilipoyaacha. Bila hivyo utaonyesha klipu zilipo kwa mkono. Ndani ya siku hizo saba toa vitu viwili kwa kila mradi: XML ya Final Cut Pro, ambayo Resolve inaisoma, na video nzima iliyokamilika. XML itabeba mikato na mpangilio, lakini majina yaliyoandikwa juu ya picha na madoido mengi hayatavuka, ndiyo maana unahitaji ile video nzima kando yake.

Picha za miniDV zikikuonyesha mistari kama meno ya kitana kila mtu anapotembea, ni kwa sababu kila fremu ina nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti. Zipitishe HandBrake, kwenye "Filters" chagua "Deinterlace" ya Yadif, aina "Bob", na kasi ya fremu 50. Mistari inaondoka na mwendo unabaki laini kama ulivyokuwa kwenye televisheni ya kioo.